Mto ni wa Nani? Uhakiki wa Mkataba wa Maji wa 1934

Tunapozungumzia mito inayovuka mipaka, mawazo yetu hukimbilia Nile. Lakini mwananchi wa Kibondo, Kakonko na Kasulu anao mto wake, na mto huo pia una mkataba wake. Malagarasi huanza katika milima iliyo karibu na Burundi, huenda kaskazini-mashariki ukiwa mpaka wa nchi mbili, kisha hupinda na kuingia ndani ya Tanzania. Hupita katika vinamasi vikubwa, hugeuka magharibi na kuishia Ziwa Tanganyika, baada ya safari ya kilometa 475 hivi. Makala haya yanahakiki mkataba uliofungwa juu ya maji ya mpaka huo. Swali letu ni moja: je, mkataba ule ulimtazama nani?

Wenye mkataba

Mkataba ulitiwa sahihi London tarehe 22 Novemba 1934, kati ya Uingereza na Ubelgiji. Mwingereza alikuwa akiitawala Tanganyika, na Mbelgiji akiitawala Ruanda-Urundi. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1924, wakoloni hao hao walikutana Kigoma na kuandika itifaki ya mpaka. Kwa kalamu yao Waha wakawa huku na Warundi wakawa kule, ingawa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na ukoo mmoja uliweza kuwa na mashamba ng'ambo zote mbili.

Tuwe wa haki. Mkataba wa 1934 haukuwa karatasi tupu. Ulisema kwamba maji yanayochepushwa katika nchi moja lazima yarudishwe mtoni, bila kupungua sana, kabla mto haujaingia nchi ya pili au haujawa mpaka. Pale mto ulipo mpaka, ulikiwekea kila upande kiasi cha kuchepusha: isizidi nusu ya maji ya kiangazi, wakati mto uko chini kabisa. Ulikataza migodi na viwanda kutia sumu majini. Anayetaka maji ya umwagiliaji alitakiwa kutoa taarifa miezi sita kabla.

Masharti hayo ni mazuri. Lakini mhakiki hatosheki kuuliza sharti linasema nini. Huuliza pia limetoka wapi. Miaka ile wazungu walikuwa wakichimba bati Karagwe na Rwanda, na mgodi hauendi bila maji. Mabepari wa pande mbili walihitaji kuhakikishiwa kwamba mmoja hatamkaushia mwenzake mtambo. Hapo ndipo vipimo vile vilipozaliwa. Wakati huo huo serikali ya kikoloni iliifanya Kigoma ghala la nguvu kazi: Muha aliondolewa kwao akapelekwa mkonge wa Tanga kuwa manamba. Mkoloni alijua kuhesabu maji ya mgodi, lakini hakuona haja ya kuhesabu maji ya kijiji.

Mwenyeji wa ukingoni alipewa kipengele chake: aliruhusiwa kupita mtoni, kuvua samaki, kuchukua mimea ya majini, na kuteka maji ya nyumbani na ya matumizi yake ya desturi. Tazama neno hilo, kuruhusiwa. Mtu aliyekuwapo kabla ya mpaka anaruhusiwa na waliokuja na mpaka! Hata hivyo, kipengele hicho kidogo ndicho chenye utu kuliko vyote. Kilikiri kwamba mto una watu kabla ya kuwa na serikali.

Msimamo wetu na upungufu wetu

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 haikukubali kurithi mikataba ya wakoloni kwa kufumba macho. Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba mikataba ya nchi mbili itaendelea kwa miaka miwili ili ichunguzwe. Isiyothibitishwa katika muda huo itakoma, isipokuwa ile inayodumu kwa sheria za kimataifa. Kigoma ilihusika moja kwa moja, kwa kuwa tangu 1921 Ubelgiji ilikuwa imekodishwa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, milele, kwa faranga moja kwa mwaka. Serikali ya wananchi iliukataa ukodishaji huo. Mwaka 1962 iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba haifungwi na mkataba wa Nile wa 1929, ambao uliipa Misri uwezo wa kuzuia kazi za maji katika nchi za juu ya mto zilizokuwa chini ya Mwingereza.

Msimamo ulikuwa sahihi. Lakini tujikosoe: kukataa ni nusu ya kazi, na nusu ya pili imetuchukua muda mrefu mno. Mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile ulitiwa sahihi Entebbe mwaka 2010, ukaanza kutumika Oktoba 2024. Hiyo ni miaka 62 tangu barua zile. Kwenye Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi zilifunga mkataba Rusumo mwaka 1977 na kuunda shirika la bonde. Shirika lilivunjwa 2004, na umeme wa Rusumo wa megawati 80 umepatikana zaidi ya miaka 40 baada ya sahihi.

Malagarasi uliingizwa katika mkataba wa Ziwa Tanganyika wa mwaka 2003 kama sehemu ya bonde la ziwa. Mkataba huo una misingi mizuri ya kupeana taarifa, kutathmini athari na kuwashirikisha wananchi. Lakini kiini chake ni ziwa. Ukiulinganisha na ule wa 1934 utaona jambo la kutahayarisha: wakoloni walitaja nusu ya maji na miezi sita, sisi tumetaja misingi. Msingi bila kipimo ni ahadi tu.

Jambo hili si la nadharia. Upande wa Burundi, katika bonde hilo, miwa ya Moso inahitaji maji, na katika eneo la Rutana ipo nikeli ya Musongati. Ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza kwenda Musongati ulizinduliwa mwaka 2025. Reli hiyo ni neema kwa nchi zote mbili. Lakini nikeli ikichimbwa, maji machafu ya mgodi yataelekea mto gani, na nani atayapima? Huku chini viko vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Huko ndiko wavuvi wanakopatia riziki.

Somo la Mtendeli

Anayedhani ugomvi wa maji huanzia kwa mabalozi aitazame Mtendeli. Kambi hiyo ilifunguliwa upya Januari 2016 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, na mwaka huo huo ikaacha kupokea wapya kwa sababu maji hayakutosha. Watu wakapelekwa Nduta. Mwaka 2021 Mtendeli ikafungwa. Foleni ya ndoo pale kisimani ilikuwa diplomasia ya mito katika umbo lake dogo kabisa: watu wa nchi mbili, maji machache, na hakuna aliyeketi nao kupanga. Maji yakikosekana, jirani hugeuka adui hata kama wanasalimiana kwa lugha wanayoelewana.

Kwa hiyo madai yetu ni matatu. Kwanza, Tanzania na Burundi zikubaliane kiwango cha maji ya kiangazi cha Malagarasi na usafi wake kabla mgodi haujaanza, si baada ya samaki kufa. Pili, serikali za vijiji vya kingo zote mbili ziketi katika kamati ya mto, ziwe na sauti na si viti tu. Tatu, maandishi yote yatolewe kwa Kiswahili na Kirundi, yasomwe mikutanoni. Lile neno la 1934, kuruhusiwa, lifutwe. Mahali pake liandikwe neno haki.