Megapikseli Zilizochakachuliwa: Kamera ya Bei Chee na Namba za Kwenye Boksi

"Dada, hizi megapikseli 48 zimeenda wapi?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo kwenye simu mwezi uliopita, na wala hakuwa anatania. Alikuwa amedunduliza hela kwa miezi kadhaa, akaagiza mtandaoni kamera ya laki mbili na nusu ili aanze kupiga picha za mahafali. Boksi lilisema kila alichotaka kusikia: 48MP, video za 4K, zumu mara 16. Kazi yake ya kwanza ikawa mahafali ya kidato cha nne. Zile picha ndogo za wazazi na watoto wao zilitoka vizuri tu. Lakini mwalimu mkuu alitaka picha ya darasa zima isafishwe kubwa, itundikwe ofisini. Ilipotoka, nyuso za safu ya nyuma zilikuwa kama zimepanguswa kwa kitambaa kibichi. Mzazi asingemtambua mwanawe. Mdogo wangu akarudisha hela ya watu, na gharama ya kusafisha akaibeba mwenyewe.

Kwa hiyo zimeenda wapi? Hazijaenda popote. Hazikuwahi kuwemo.

Tuanze na hesabu. Picha ya dijitali ni nukta zilizopangwa kwa safu, na nukta hizo ndizo pikseli. Ukizidisha 8000 za upana kwa 6000 za urefu unapata milioni 48. Fungua faili la kamera ile kwenye kompyuta, utazikuta zote. Muuzaji anaweza hata kuapa. Shida ni kwamba boksi linahesabu nukta za faili, wakati mnunuzi anadhani linahesabu nukta za sensa. (Hapana, si ile ya kuhesabu watu. Hii ni kile kibati kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga.) Kwenye karatasi ya maelezo, kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi, sensa ya kamera hiyo ina nukta 2592 kwa 1944. Hizo ni milioni 5 na kidogo.

Milioni 43 zilizobaki zimetengenezwa na programu. Inachukua nukta mbili zilizo jirani, inakisia rangi ya katikati yake, inapachika nukta mpya hapo. Kisha inarudia. Yaani katika kila nukta 10 za picha ile, karibu 9 hazikuwahi kuguswa na mwanga wowote. Ni sawa na muuza maziwa anayeongeza maji: ndoo inajaa kweli, lita zinatimia kweli, lakini maziwa ni yale yale ya asubuhi. Na uso wa mwanafunzi wa safu ya nyuma, kama haukuingia kwenye sensa, hakuna hesabu itakayourudisha.

Hapa mtu wa teknolojia atanibana: "Mbona kamera zote zinakisia?" Ni kweli, na tusidanganyane. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipata hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi unaotumika mpaka leo: nusu ya nukta hupima kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kila nukta hupima rangi moja tu, na mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa jirani zake. Lakini angalia tofauti. Katika mpangilio wa Bayer, kila nukta imepokea mwanga mahali pake. Inachoazima ni rangi. Katika ujanja wa boksi, nukta yenyewe haipo, mahali pake hapakupimwa kabisa.

Na wala sisemi kila 48 ni uongo. Mwaka 2018 Sony walitangaza sensa ya simu yenye nukta milioni 48 halisi. Ila hata hiyo imeundwa ili nukta nne ziungane kufanya kazi ya moja, hasa mwanga unapokuwa hafifu, na picha inayotoka inakuwa ya megapikseli 12. Waliotengeneza wenyewe wanajua kwamba wingi wa nukta si kila kitu.

Kwa nini basi wasiweke milioni 48 za kweli kwenye kamera ya bei chee? Tuchukue sensa ndogo ya upana wa milimita 4.8, saizi ya kawaida kwa kamera za namna hii. Ukipanga nukta 8000 humo, kila moja inapata maikromita 0.6. Wimbi la mwanga wa kijani lenyewe lina urefu wa maikromita 0.55 hivi! Tena lenzi yoyote, hata iliyosuguliwa vizuri namna gani, hugeuza nuru ya nyota moja kuwa kidoa. Kwa tundu la f/2.8, kidoa hicho kina upana wa karibu maikromita 3.8, yaani kinafunika nukta sita kwa mstari. Fizikia imeshafunga mlango kabla mhandisi hajaanza kazi.

Twende kwenye zumu. Zumu ya lenzi husogeza vioo na kukuza taswira kabla haijafika kwenye sensa. Zumu ya dijitali hukata kipande cha katikati na kukivuta. Ukikuza mara 16 kwa njia hiyo, unabaki na sehemu moja ya 16 ya upana na moja ya 16 ya urefu, yaani sehemu moja ya 256 ya nukta zote. Gawa milioni 5 kwa 256: unabaki na nukta zisizofika elfu 20. Kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoitengeneza Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta 100 kwa 100, jumla elfu 10, na ilitumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kwa zumu ya mwisho, mdogo wangu alikuwa ameipita kamera ya 1975 mara mbili tu.

Video ya 4K nayo? Inahitaji nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Sensa ya milioni 5 inazitoa wapi? Jibu unalo.

Nimesikia utetezi: "Laki mbili na nusu, ulitegemea nini?" Utetezi huu unaniudhi kuliko uongo wenyewe, maana unamtwisha lawama mwenye hela kidogo. Kamera ya bei nafuu si kosa. Megapikseli 5 za kweli zinatosha kabisa kusafisha picha ya sentimita 10 kwa 15, ambayo kwa ubora wa kawaida wa duka inataka kama megapikseli 2 tu. Ukubwa wa A4 ndio unaotaka karibu 9. Boksi lingesema 5, mdogo wangu angepokea kazi za picha ndogo na kuikataa ile kubwa. Ubaya wa namba ya uongo ni kwamba inaficha pia kile ambacho kifaa kinakiweza.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mnunuzi. Ningependa kuona kila boksi la kamera likiandikwa nukta halisi za sensa, kwa herufi za ukubwa ule ule wa 48.

Mpaka hapo, jipime mwenyewe dukani. Piga picha ya ukurasa wa gazeti kwa 48MP, kisha bila kusogea piga nyingine kwa 8MP au 5MP. Zikuze zote mpaka herufi zilingane. Kama ile ya 48 haikusomei neno hata moja zaidi, ujue ziada ni maji. Bonyeza zumu huku ukiitazama lenzi. Kama hakuna kinachosogea, muulize muuzaji nini kinakuzwa. Na kwenye karatasi ya maelezo tafuta neno "interpolated". Halihusiani na polisi wa kimataifa, ingawa pengine wangehitajika.

Nasi tubadilishe swali. Tumezoea kuuliza "ina megapikseli ngapi?", na mjanja anatujibu hicho hicho tulichouliza. Tuulize: sensa yake ina nukta ngapi, na ina ukubwa gani?

Mdogo wangu bado anaitumia kamera yake, kwa picha ndogo tu. Amebandika plasta juu ya ile 48, na juu ya plasta ameandika 5 kwa maka peni.