Marinedi ya Kigiriki: Sifa Zinakwenda kwa Limau, Kazi Inafanywa na Chumvi

Ukitafuta namna ya kuandaa kuku wa Kigiriki nyumbani, utakuta maelekezo yanafanana mno. Kilo moja ya kuku, nusu kikombe cha mafuta ya zeituni, juisi ya malimau mawili, punje nne za kitunguu saumu, kijiko kikubwa cha oregano iliyokaushwa, pilipili manga, na chumvi "kiasi". Changanya, funika, acha usiku kucha. Halafu inafuata ile sentensi maarufu: limau litalainisha nyama, na ladha itaingia mpaka kwenye mfupa.

Chakula kinachotoka hapo mara nyingi ni kitamu. Hilo hatubishi. Tunachobishia ni maelezo ya kwa nini ni kitamu, kwa sababu maelezo yakiwa na kasoro, mpishi anarekebisha kitu kisichohusika. Nyama ikitoka ngumu, anaongeza limau. Ikikosa ladha ndani, anaongeza saa za kuroweka. Na kwenye nyumba isiyo na friji, kuongeza saa ni jambo linaloweza kuwalaza watu hospitali. Basi tukague hii marinedi kiungo kimoja kimoja, tuone nani anafanya kazi na nani anapokea sifa tu.

Limau: kazi ndogo, sifa kubwa

Juisi ya limau ina asidi ya sitriki, na pH yake iko kati ya 2 na 3. Hiyo ni asidi kali kwa kitu cha jikoni. Nyama ya kuku yenyewe iko karibu na pH 6. Vikikutana, protini za juu ya nyama zinabadilika umbo: zinafunguka, kisha zinashikana. Ndiyo maana kipande kilichokaa kwenye limau kinakuwa cheupe kama kimeguswa na moto.

Sasa, je, huko ndiko kulainika? Siyo hasa. Protini za misuli zina uwezo mdogo kabisa wa kushika maji pH inapokaribia 5. Kwa hiyo asidi inaposhusha pH kutoka 6 kwenda 5, nyama inapoteza uwezo wa kushika maji yake. Asidi ikizidi kushuka chini ya hapo, protini zinaanza kusukumana na sehemu hiyo inavimba na kulegea. Matokeo ya kuloweka kidari kwenye limau usiku kucha ni ngozi ya nje inayovunjika kama chaki au kuteleza kama uji, wakati ndani nyama iko vilevile kama ilivyotoka buchani. Ukiuma, jino linapita kwenye sehemu mbili zisizofanana. Watu wengine huita hali hiyo ulaini. Ukweli ni kwamba ni uharibifu wa milimita chache za juu.

Hapa pana jambo linalowahusu zaidi wapishi wa kwetu. Maelekezo haya yaliandikwa yakimfikiria kuku wa kisasa, anayechinjwa akiwa na wiki chache tu. Huyo tayari ni laini. Kuku wa kienyeji aliyezunguka uani mwaka mzima ana kolajeni iliyokomaa, yaani zile nyuzi zinazofunga misuli, na limau la usiku mmoja haliziwezi. Kinachoziweza ni joto na maji kwa muda mrefu, mpaka zigeuke jelatini. Kwa hiyo bibi anayemchemsha jogoo kwanza ndipo ambanike ana sayansi sahihi kuliko hayo maelekezo.

Mafuta na oregano: wanabaki mlangoni

Madai ya pili ni kwamba mafuta ya zeituni "yanapeleka ladha ndani". Nyama mbichi ya kuku, takriban robo tatu yake ni maji. Mafuta na maji havichangamani. Hilo tunalijua tangu shule ya msingi. Mafuta hayawezi kupenya kwenye nyama yenye maji, hata uyape siku tatu.

Oregano nayo ina tatizo hilohilo. Harufu yake kali inatokana hasa na molekuli za karvakroli na thimoli, ambazo huyeyuka vizuri kwenye mafuta na vibaya kwenye maji. Mafuta yanazitoa kwenye majani, hiyo ni kazi ya kweli na nzuri. Lakini zikishaingia kwenye mafuta, zinabaki nje pamoja nayo.

Kitunguu saumu kinahitaji neno moja la tahadhari. Ile harufu yake haipo kwenye punje nzima. Inatengenezwa pale unapotwanga, kimeng'enya kinapokutana na kemikali iliyokuwa imetengwa nacho. Asidi kali inakizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Ukikuna kitunguu saumu moja kwa moja ndani ya juisi ya limau, unapata ladha ya upole. Ukitaka kikali, kitwange kwanza, kisubiri dakika chache, ndipo utie limau. Mara nyingi maelekezo yanasema "changanya vyote" kana kwamba mpangilio hauna maana.

Chumvi: mfanyakazi asiye na kipimo

Tazama tena orodha ya viungo pale juu. Limau limehesabiwa. Kitunguu saumu kimehesabiwa mpaka punje. Chumvi? "Kiasi." Yaani kiungo pekee kinachoingia kwa kina ndicho kisichopimwa. Hii ndiyo lawama yetu kubwa.

Chumvi ikiyeyuka, inakuwa chembe ndogo mno zenye chaji, na hizo husafiri ndani ya maji ya nyama kwa njia ya usambaaji. Zikifika kwenye protini za misuli, zinalegeza sehemu ya protini hizo, na nyuzi zinashika maji zaidi wakati wa kupikwa. Ule utamu wa majimaji watu wanaoupongeza kwenye kuku wa Kigiriki unatokana kwa sehemu kubwa na chumvi. Kipimo kinachofaa ni gramu 10 hadi 15 kwa kilo moja ya nyama, yaani kama vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, vilivyosawazishwa juu.

Hata hivyo chumvi nayo haina miujiza. Kwenye usambaaji, muda unapanda kwa mraba wa umbali. Tuseme chumvi inachukua saa 1 kufika milimita 3. Kufika milimita 6 itachukua saa 4, siyo 2. Kufika milimita 12 itachukua saa 16. Ndiyo maana "acha muda zaidi" ni ushauri unaochosha haraka.

Siri iko kwenye kisu

Hapa ndipo tunapoona kwamba Wagiriki wenyewe walikuwa sahihi, na kosa limetokea njiani. Souvlaki, ile nyama ya kijiti ambayo marinedi hii inahusishwa nayo, hukatwa vipande vidogo. Fanya hesabu. Kipande cha mraba chenye sentimita 3 kila upande kina ujazo wa sentimita za ujazo 27. Ladha ikiingia milimita 3 kutoka kila upande, kiini kisichoguswa kina sentimita 2.4 kila upande, sawa na 13.8. Maana yake karibu nusu ya nyama imepata ladha.

Chukua sasa kipande cha sentimita 10 kila upande, ladha iingie milimita 3 zilezile. Sehemu iliyoguswa ni kama asilimia 17 tu. Marinedi haikubadilika, kilichobadilika ni umbo. Waandishi wa maelekezo walichukua mchanganyiko uliofaa kwa vipande vya kijitini wakaumwagia kuku mzima, kisha wakajaribu kufidia kwa saa.

Watu wa pwani yetu wanalijua hili bila hesabu. Mishkaki hukatwa vidogo, na anayetaka kulainisha kweli hutumia papai bichi, lenye kimeng'enya cha papaini kinachokata protini. Hicho nacho hufanya kazi zaidi kwa juu, kwa hiyo kipande kidogo ni lazima.

"Usiku kucha" wapi?

Maelekezo mengi yanachukulia friji kuwa ni kitu cha kawaida, hata hayaitaji. Kwenye jiko la Dar es Salaam au Mombasa lenye nyuzi 30, usiku kucha mezani ni karamu ya bakteria. Na usidanganyike na weupe wa limau. Protini kubadilika rangi siyo kuiva. Asidi ya marinedi haitoshi kuua Salmonella na Campylobacter, na nyama yenyewe huipunguza makali. Friji inayofaa ni ya chini ya nyuzi 5, na kuku anaiva akifika nyuzi 74 katikati.

Mawili zaidi ambayo hayasemwi vya kutosha. Rojo lililobaki baada ya kutoa kuku mbichi limeshapokea maji ya kuku mbichi. Usilipake kwenye nyama iliyoiva bila kulichemsha kwanza. Na usiroweke ndani ya sufuria ya alumini, kwa sababu asidi inakula chuma hicho na kuacha ladha mbaya. Bakuli la kioo, la udongo uliopakwa rangi ya kung'aa au la plastiki linatosha.

Na wanaosema ni kazi bure?

Kuna upande wa pili, wale waliosoma habari za usambaaji wakahitimisha kwamba kuroweka ni kupoteza muda. Nao wanazidisha. Ulimi unakutana na sehemu ya nje ya kipande kwanza, na huko ndiko oregano na mafuta vilipo. Marinedi ni kama rangi ya ukuta: haiingii ndani ya tofali, lakini hakuna anayesema nyumba haijapakwa.

Kwa hiyo tusiitupe, tuigawe. Kata vipande vya sentimita 3, tia chumvi iliyopimwa na kitunguu saumu kilichotwangwa, pamoja na mtindi ukipenda. Asidi yake ni ya upole kuliko limau, na sukari na protini zake zinasaidia nyama kupata rangi ya kahawia. Acha kwenye friji saa 2 hadi 4. Kama huna friji, dakika 30 zinatosha kwa vipande hivyo, upike hapohapo. Futa majimaji kabla ya kuweka juu ya mkaa, maana nyama iliyolowa inachelewa kubadilika rangi. Kisha koroga mafuta ya zeituni, limau na oregano, umwagie kuku akishaiva.

Hilo la mwisho halikubuniwa na wanasayansi. Ugiriki kuna mchuzi wa mafuta na limau unaoitwa ladolemono, na humwagiwa samaki na nyama zikitoka motoni. Ukifanya hivyo, mafuta yako ya bei hayadondoki kwenye mkaa, na limau linafika mdomoni likiwa bado na uchachu wake.