Baga, Benki na Dola ya Akiba

Siasa zote za Log Horizon zinaanzia kwenye nyama ya kuchoma. Mamare Touno alianza kuitoa riwaya hii kwenye intaneti nchini Japani mwaka 2010, ikachapwa vitabu mwaka uliofuata, na mwaka 2013 NHK ikaionyesha kama anime. Maelfu ya wachezaji wa gemu iitwayo Elder Tale wanajikuta wamenasa ndani yake, wakiishi katika miili ya wahusika wao. Humo mchezaji akifa anafufukia hekaluni. Njaa ipo, na chakula kipo: unachagua mahitaji kwenye menyu, unathibitisha, sahani inatokea. Ila hakina ladha hata chembe. Mpaka Nyanta, mpishi mwenye umbo la paka, anapoachana na menyu, anashika kisu, anapika kwa mikono yake, na nyama inanoga.

Kanuni hiyo moja imesukwa kwa ustadi mkubwa. Gemu haikatazi kupika kwa mikono, lakini inadai mpikaji awe amesomea upishi ndani ya gemu. Asiye mpishi akijaribu, anaunguza tu. Ndiyo maana siri ilikaa mbele ya macho ya watu wote bila kuonekana. Shiroe, mhusika mkuu, anaigeuza kuwa mtaji. Chama kidogo cha marafiki zake kinafungua kibanda cha baga mjini Akiba, watu wanapanga foleni, vyama vikubwa vya mafundi na wafanyabiashara vinashawishika kutoa fedha, na kwa fedha hizo Shiroe ananunua jengo la vyama, lenye benki ambamo wachezaji wameweka mali zao. Sheria za gemu zinaruhusu majengo kununuliwa. Hakuna aliyewaza kulinunua lile. Siku anapowakutanisha wakuu wa vyama ili waunde serikali ya mji, tayari ana uwezo wa kumfungia mlango amtakaye. Wale waliokuwa wakiwatumikisha wachezaji wachanga na kuuza dawa zao za kuongeza uzoefu hawana tena pa kushika.

Hapo ndipo ninapoiheshimu fantasia ya aina hii. Mfalme wa hadithi za kale hutawala kwa damu au kwa utabiri, na msomaji hana budi kukubali. Mamlaka ya Shiroe tunaweza kuyakagua hatua kwa hatua, kwa kuwa kila kanuni anayoitumia tulikwisha kuonyeshwa kabla hajaihitaji. Tunaweza hata kubishana naye: je, serikali iliyozaliwa kwa tishio la kufungia watu akiba zao ni halali? Riwaya inalibeba swali hilo kwa uzito.

Touno anafanya vizuri zaidi kwa mfalme wa majini madogo, goblini. Zamani ilikuwa kazi ya kawaida ya gemu: wachezaji wanamwahi, wanapata tuzo. Safari hii, kwa taharuki ya kunaswa, hakuna aliyekwenda, na jeshi la goblini likafurika hadi kwa Wenyeji, wale ambao gemu iliwachukulia kuwa mapambo yanayosema. Sasa wana watoto, historia na hofu ya kifo, maana wao hawafufuki. Uzembe wa wachezaji ukawa suala la mkataba baina ya mataifa mawili.

Kasoro zipo, na zinachosha. Shiroe anaeleza mno. Vita vinasimama ili tuhesabiwe mbinu na muda wa kuzirudia, na aliyewahi kucheza gemu atavumilia kuliko asiyewahi.

Ila kasoro kubwa ya jamii hii ya riwaya inaonekana wazi zaidi kwa jirani yake, hadithi ya Fuse kuhusu Rimuru, mtu aliyezaliwa upya akiwa slaimu. Mwanzoni kanuni inamgharimu: kuwapa majini majina kunawaimarisha wao na kunamlaza yeye. Mji wake wa Tempest unakua kwa namna ya kupendeza. Kisha jeshi la ufalme wa Falmuth linawaua raia wake, Rimuru analiangamiza jeshi zima, anapanda cheo kuwa mfalme wa mashetani, na waliokufa wote wanarudi. Kanuni imemlipia deni. Vifo vile vilipaswa kubaki, kwa sababu dola hujifunza kulinda watu wake pale isipoweza kuwarudisha.

Kugane Maruyama, katika Overlord, ana mtawala asiyeshindika kuliko hao wote, lakini amepata dawa: anatuhamishia upande wa waathirika. Anatuweka karibu na Arche, msichana anayeingia Nazarick, ngome ya mtawala huyo, kutafuta fedha ili awatoe wadogo zake wawili katika nyumba ya wazazi wenye madeni. Kwa kuwa tunamjua mwenye ngome, kila hatua yake ndani inatuuma. Leveli 100 ya mtawala inabaki ileile; tofauti ni kwamba safari hii tunaipima kwa kile inachompokonya mtu, na Arche hafufuliwi.