"Panya" na "Wananchi Wenye Hasira": Lugha ya Magazeti juu ya Makosa ya Vijana

Habari haiwi habari mpaka mtu aichague na kuipa jina. Kwa hiyo kada anaposoma gazeti haitoshi kuuliza limetokea nini. Yafaa aulize pia nani ametoa jina, na jina hilo linamtumikia nani. Tulitumie swali hilo kwa vijana walioitwa Panya Road.

Usiku wa tarehe 2 Januari 2015 jiji la Dar es Salaam lilishikwa na hofu. Taarifa za siku zile zilieleza kuwa kundi la vijana lilitoka kumzika mwenzao, aliyeuawa na umati kwa tuhuma za wizi. Uvumi ulikimbia kuliko vijana wenyewe, na mitaa ambayo haikumwona hata mmoja wao ilifunga milango. Siku zilizofuata polisi walikamata vijana kwa mamia.

Sasa tuyatazame majina. Kijana akaitwa panya. Na panya hashtakiwi wala hasikilizwi, hutegwa na kuwekewa sumu. Je, waliomuua yule aliyezikwa? Kwao magazeti yetu yana jina la kudumu: "wananchi wenye hasira kali". Mtuhumiwa wa wizi anavuliwa uananchi, na muuaji anavishwa uananchi pamoja na udhuru wake, yaani hasira. Ni mara chache mno kusoma kwamba mwananchi mwenye hasira amefikishwa mahakamani.

Jambo hili si geni. Mkoloni aliwaita vijana wasio na kazi mjini "wahuni", na mwaka 1944 akatunga sheria ya kuwaondoa mijini wasiotakiwa. "Mzururaji" naye ni mtoto wa sheria hizo hizo za kikoloni, akasikika tena katika kampeni ya Nguvu Kazi ya 1983. Kila mara jina lilifunika swali la kazi na ardhi, swali ambalo kijana wa Bonde la Kilombero hupanda nalo treni ya TAZARA kwenda mjini.

Uingereza nako, mwaka 1972, magazeti yaliazima Marekani jina la kutisha la uporaji wa mitaani. Machi 1973 vijana watatu wa Handsworth, Birmingham, walihukumiwa kwa tukio moja: mmoja miaka 20, wenzake miaka 10 kila mmoja. Stuart Hall na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1978, Policing the Crisis, walionyesha mzunguko wake: gazeti huchukua maelezo kwa polisi na mahakimu, kisha mahakimu hulitaja gazeti kama sauti ya umma.

Kwetu mzunguko una kasoro nyingine. Mwandishi hupata habari kwa kamanda wa polisi, na picha ni ya vijana walioketishwa chini, mapanga mbele yao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kesi ya aliye chini ya miaka 18 isikilizwe faraghani katika Mahakama ya Watoto, na inakataza kumfunga gerezani. Ni sheria njema. Lakini msomaji anayeonyeshwa siku ya kukamatwa tu, asielezwe hata namna mahakama hiyo inavyofanya kazi, huamini kuwa mahakama huwaachia wote. Kutoka imani hiyo hadi mawe na tairi ni hatua fupi.

Hatusemi kuwa uhalifu ni hadithi. Waliovamiwa kwa mapanga usiku huko Chanika, Septemba 2022, ni walalahoi, wala si mabepari. Lakini mwezi ule ule polisi walipotangaza kuwa watuhumiwa sita wameuawa katika mapambano, shangwe ilifika hata huku Mbingu, ambako hakuna aliyewahi kumwona Panya Road. Hata sasa kijana akirudi kutoka Dar es Salaam na nywele ndefu, jina hilo humtangulia kijijini.

Katika darasa letu la siasa huchukua kipande cha gazeti, tukafuta "panya" tukaandika "watuhumiwa", tukafuta "wananchi wenye hasira kali" tukaandika "wauaji", kisha tukakisoma kwa sauti. Wanafunzi ambao mwanzo walicheka huuliza: hao wauaji wamekamatwa?