Mkono Unaofuta

Mkaa tunaujua. Tunaununua kwa gunia au kwa kopo, ukiushika viganja vinakuwa vyeusi, na ukijipangusa jasho unabaki nao usoni mpaka jioni. Ndiyo maana naamini msomaji wa kwetu atamwelewa upesi William Kentridge, msanii wa Johannesburg aliyezaliwa mwaka 1955, ambaye kazi yake kubwa imesimama juu ya tabia moja ya mkaa. Ukiuchora kwenye karatasi unaweza kuufuta kwa kitambaa, kwa kifutio, hata kwa kiganja, lakini hautoki wote. Kinabaki kivuli cha kijivu pale ulipokuwa mstari.

Mkaa wake ni wa vijiti vyembamba vilivyochomwa kwa kunyimwa hewa, kama tanuri letu la porini linavyofukiwa udongo. Anabandika karatasi kubwa ukutani, na upande wa pili wa chumba inasimama kamera ya filamu. Anachora mtu amekaa mezani. Anatembea hadi kwenye kamera, anapiga picha moja au mbili. Anarudi ukutani, anafuta mkono wa yule mtu na kuuchora upya ukiwa umeinuka kidogo. Anarudi tena kwenye kamera. Siku inaisha kwa kwenda na kurudi, na kilichopatikana ni sekunde chache tu za filamu. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba fikra humjia katika huko kutembea, kwa sababu haanzi na hadithi iliyokwisha kuandikwa.

Watengenezaji wa katuni tulizozizoea huchora maelfu ya karatasi safi ili mwendo uonekane laini. Yeye kwa filamu nzima ya dakika nane humtosha michoro michache, ishirini au arobaini, kila mmoja umefutwa na kuchorwa hadi karatasi imechakaa. Matokeo yake ni kwamba ndege akiruka anaacha mkia wa vumbi angani, na mtu akivuka uwanja unaziona hatua alizokwisha kuzipiga. Niliwahi kujaribu nyumbani, kwa tawi moja tu la mti linalopepea. Nusu siku ilikwisha, nikapata mwendo wa sekunde mbili, na karatasi ilikuwa inanyonyoka nyuzi. Tangu hapo nikitazama filamu zake huwa naangalia bega kabla ya hadithi: bega la mtu anayekubali kuharibu mchoro mzuri, mara mia, ili mchoro utembee.

Alikotoka kunaeleza mengi. Baba yake, Sydney Kentridge, alikuwa miongoni mwa mawakili wakubwa waliosimama dhidi ya utawala wa makaburu. Ndiye aliyeiwakilisha familia ya mwanaharakati Steve Biko katika uchunguzi wa kifo chake mwaka 1977. Mama yake, Felicia, wakili pia, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Legal Resources Centre mwaka 1979, taasisi iliyowatetea wasio na uwezo mahakamani. Kentridge amesimulia jinsi alivyoingia ofisini kwa baba yake akiwa mtoto wa miaka kama sita, akaona kisanduku cha manjano, akadhani kina chokoleti. Akakifungua. Mlikuwa na picha za maiti wa Sharpeville, ambako polisi waliwaua watu 69 tarehe 21 Machi 1960.

Alisoma siasa na masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Paris kujifunza maigizo. Filamu yake ya kwanza katika mfululizo huu wa mkaa ilitoka mwaka 1989. Humo tunakutana na Soho Eckstein, tajiri wa migodi mwenye suti ya mistari, na Felix Teitlebaum, mwotaji anayeonekana uchi daima. Nampenda msanii huyu kwa jambo ambalo wengi wangelikwepa: wote wawili mwishowe wana sura yake. Mzungu aliyekulia katika nyumba ya watetezi wa haki angeweza kumchora mnyonyaji kwa uso wa mtu mwingine, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mwaka 1991 alitengeneza *Mine*. Soho yuko kitandani, anapata kifungua kinywa. Anabonyeza kile kichujio cha birika la kahawa, la aina ile ya kusukumia chini, na kichujio hakikomi. Kinapasua sinia, kinapasua godoro, kinashuka ndani ya ardhi kupita mabweni walikolala wachimbaji wamepangana kama magogo, kinapita bafu lao, kinafika kwenye mwamba. Birika hilo halikuwa limepangwa. Kentridge ameeleza kwamba hakujua kichujio kitaelekea wapi mpaka kilipokuwa kimekwisha kushuka nusu. Vitabu vingi vimeandikwa kuhusu dhahabu ya Johannesburg na watu walioitoa chini. Mimi sijaona maelezo yanayomfikia yule mnywaji kahawa.

*Felix in Exile* aliikamilisha mapema mwaka 1994, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Nandi, mwanamke Mwafrika, anapima ardhi kwa darubini ya wapima ardhi. Maiti wametapakaa, karatasi za magazeti zinaruka na kuwafunika, kisha ardhi inawameza, panabaki nyika tu. Nandi naye anapigwa risasi. Wakati taifa lilipokuwa likijiandaa kushangilia, mtu huyu alikuwa chumbani akiwafuta waliouawa, mmoja mmoja, kwa kitambaa, akijua fika kwamba mkaa hautakubali.

Huko Roma, mwaka 2016, aliigeuza kazi hiyo ya kufuta nje ndani. Kuta za mto Tiber zilikuwa nyeusi kwa ukungu na moshi wa miaka mingi. Ziliwekwa ruwaza kubwa za kukatwa, maji yakapulizwa kwa nguvu kuuondoa uchafu uliozizunguka, ruwaza zikatolewa. Yakabaki maumbo zaidi ya 80, mengine yakifika kimo cha mita 10, yakiandamana ukutani kwa zaidi ya mita 500: washindi wa Roma na walioshindwa, bega kwa bega. Hakuna rangi hata tone moja. Maumbo hayo ni uchafu wenyewe, na uchafu ukirudi utayafunika.

Miaka miwili baadaye, jijini London, alionyesha *The Head & the Load*, kazi ya muziki, dansi na vivuli kuhusu Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza. Muziki ulitungwa na Philip Miller pamoja na Thuthuka Sibisi. Waigizaji wanapita na mizigo vichwani, na taa zinavirefusha vivuli vyao ukutani mpaka vinakuwa majitu. Hapo alifika kwetu. Mamia ya maelfu ya wapagazi walitumika katika vita vya Afrika Mashariki, na walikufa zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam mwaka 1916 waliwaweka wapagazi wao katika kambi ya Carrier Corps, na ndimi zetu zikalisaga jina hilo hadi likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Majina ya watu wenyewe, wengi wao, hayakuandikwa popote.

Nikipita Mtaa wa Msimbazi, hapo Kariakoo, asubuhi nikamwona kijana amejitwika belo la mitumba, shingo imekaza, anaomba njia, huwa nasimama. Namtazama mpaka apotelee kwenye umati, nikiutafuta nyuma yake ule mkia wa kijivu.