Ukuzaji wa Skrini katika Visimamizi vya Madirisha vya Programu Huria: Uhakiki

Mijadala kuhusu watu wenye ulemavu wa kuona na kompyuta huelekea mno upande wa kisoma skrini, kana kwamba asiyeona vizuri ni sawa na asiyeona kabisa. Mtu mwenye uoni hafifu angali anasoma kwa macho yake. Haja yake ni herufi kubwa. Makala hii inahakiki jinsi haja hiyo inavyotimizwa katika mifumo ya Linux, na inashikilia kuwa kasoro kubwa haimo katika ufundi wa kukuza, bali katika mahali ulipowekwa ufundi huo.

Chini ya mfumo wa X11, programu yoyote iliweza kusoma picha ya skrini nzima. Kwa hiyo KMag, programu inayojitegemea, ilinakili sehemu ya skrini na kuionyesha kwa ukubwa ndani ya dirisha lake yenyewe. Wayland, iliyoanzishwa mwaka 2008, iliufunga mlango huo: programu moja haichungulii tena madirisha ya nyingine. Kwa usalama, uamuzi huo ni wa haki. Lakini kuanzia hapo ukuzaji ukawa mikononi mwa kisimamizi cha madirisha peke yake, na asiyeridhika nacho hana pengine pa kukimbilia isipokuwa kubadili mazingira yote ya kazi.

Hapo ndipo tofauti zinapouma. GNOME imeweka kikuzaji katika mipangilio ya ufikivu, pamoja na uwezo wa kugeuza rangi, kuongeza ukolevu na kukuza nusu tu ya skrini. KWin ya KDE ina athari tatu za kukuza, nazo ni nzuri. Ila kwa muda mrefu zilikuwa katika orodha ya athari za eneo-kazi, jirani na madirisha yanayotikisika kama maji. Katika Xfce, ukuzaji kwa kitufe cha Alt na gurudumu la kipanya umo miongoni mwa mipangilio ya vivuli na uwazi wa madirisha, wala haumo katika dirisha la ufikivu. Tena hufanya kazi pale tu uchanganyaji wa picha unapowashwa. Mwenye kompyuta kuukuu huchagua Xfce kwa wepesi wake, kisha huzima uchanganyaji ili apate kasi zaidi. Kwa hatua hiyo huzima pia macho ya mwenziwe anayetumia mashine ileile. Mapambo na nyenzo ya lazima vimefungwa kamba moja.

Suala la kufuatilia ni zito zaidi. Skrini ikikuzwa mara 4, mtumiaji huona sehemu moja tu kati ya 16 za eneo lote. Ikikuzwa mara 8, moja kati ya 64. Swali ni moja: sehemu ipi? Kikuzaji kinachofuata kipanya pekee, kama cha Xfce, humwacha mwandishi akichapa maneno asiyoyaona, kwa kuwa mahali anapoandika pamekwisha kutoka nje ya eneo lililokuzwa. Aandike, asukume kipanya, asome, arudi. Kufuatilia mahali pa kuandika kunahitaji programu yenyewe itoe taarifa kupitia mfumo wa ufikivu, na programu isiyotoa taarifa hiyo humshinda hata msanifu mwema.

Aidha, kinachokuzwa kwa kawaida ni picha iliyokwisha kuchorwa, si maandishi. Herufi hutoka na kingo zenye ukungu au ngazi-ngazi. Kiswahili nacho kinachangia utata: kitenzi *kukuza* kinabeba kuongeza ukubwa wa maandishi, ambako programu huchora herufi upya zikiwa safi, na pia kukuza skrini yenyewe. Wafasiri wa mipangilio hawana budi kuvitenga viwili hivi, kwa mfano “ukubwa wa maandishi” na “ukuzaji wa skrini”, maana anayehitaji cha pili akiwasha cha kwanza ataona menyu zimenenepa huku picha na alama ndogo zikibaki vilevile.