Ufundi wa Kuilisha Pamba kwa Majani

Katika ukanda wa mpaka wa Kenya na Uganda unaoshuka kutoka Malaba, ukapitia mji wa Busia, hadi Samia karibu na Ziwa Victoria, ni kazi chache za shambani zinazodai jicho makini kama kuilisha pamba kwa majani, yaani kuyeyusha virutubishi katika maji na kuvinyunyizia mmea kwa bomba la kubebwa mgongoni. Pamba si ngeni huko, kwani vinu vya kuichambua vilivyojengwa Malakisi, Nambale na Mulwanda ni ushahidi kwamba vizazi kadhaa viliitegemea, na ingawa biashara yake ilidhoofika baada ya soko kuachiwa huru katika miaka ya 1990, ujuzi wa kuitunza ungali unastahili heshima.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana iwapo jani linaweza kweli kula, hadi katika miaka ya 1950, huko Michigan nchini Marekani, Harold Tukey na Sylvan Wittwer walipotumia virutubishi vyenye mnururisho, ambavyo safari yake ndani ya mmea hufuatika kwa vipimo, wakathibitisha kwamba kilichopakwa jani hupenya na kusafiri hadi sehemu nyingine. Njia hiyo ni nyembamba, kwa kuwa jani limefunikwa utando wa nta unaozuia maji kupotea, na ndiyo sababu wakati wa kunyunyizia una uzito kuliko wingi wa dawa. Jua la adhuhuri hukausha matone kabla hayajapenya, kisha chumvi inayobaki huunguza jani. Na kwa kuwa mvua za ukanda wa ziwa hupenda kunyesha alasiri na kuosha kilichonyunyiziwa, asubuhi mapema ndiyo saa ya kazi.

Haja ya chakula hicho hutokana na tabia ya pamba yenyewe. Mmea unapobeba vitumba, yaani matunda yanayofunika mbegu na nyuzi, sukari nyingi huelekezwa huko, mizizi ikapunguza kukua katika majuma yaleyale ambayo mahitaji yamepanda. Kila uzi wa pamba ni seli moja tu iliyochipuka kwenye ganda la mbegu, nayo hurefuka kwa msukumo wa maji yaliyomo ndani yake, msukumo ambao hauwezekani bila potasiamu ya kutosha. Kwa hiyo potasiamu inayofika jani wakati huo huingia katika urefu wa uzi wenyewe. Boroni nayo, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, haihami kwa urahisi kutoka majani makuukuu kwenda machanga, hivyo hutolewa kidogo kidogo na kwa kurudiwa. Mkulima stadi huyasoma haya yote shambani: kingo za majani zilizogeuka rangi ya kutu humdokezea upungufu wa potasiamu, na pete nyeusi kwenye vikonyo vya majani, pamoja na maua yanayopukutika, humdokezea upungufu wa boroni.

Hata hivyo sifa za ufundi huu zisivuke mpaka wake. Yurea ya asilimia 2, ambayo ni gramu 400 katika bomba la lita 20, ikinyunyiziwa mabomba 10 kwa ekari, hupeleka nitrojeni isiyofika kilo 2, ilhali mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya CAN, inayowekwa udongoni, hubeba takriban kilo 13. Kuongeza yurea katika bomba ili kufidia tofauti hiyo ni kuyachoma majani. Tena sehemu nyingi za Busia zina udongo wenye uchachu, ambao huishika fosforasi isiifikie mizizi, na tatizo hilo dawa yake ni chokaa na samadi, wala si chupa ya mbolea ya majani, hata ikiwa na picha ya kupendeza kiasi gani.

Uzuri wa kazi hii umo katika kujua kiasi na majira, mambo ambayo maandishi ya chupa hayawezi kuyafundisha yote. Maafisa wa ugani wa Kaunti ya Busia, na wenzao ng'ambo ya mpaka, wanaombwa waufundishe shambani, bomba likiwa mgongoni na pamba ikiwa imechanua, baada ya udongo kupimwa.